Fimbo ya Saba

Mimi nilijifunza kuhesabu shambani, kijijini Mbingu, juu ya dungu, na aliyenifundisha ni baba kwa fimbo ya mpera. Watu wakiniuliza chekechea nilisoma wapi huwa nawajibu hivyo, nao hucheka. Sifanyi mzaha. Mwaka ule nilikuwa na miaka mitano, labda sita, na mpunga ulikuwa umeanza kujaza zile punje laini zenye maziwa ambazo kweleakwelea huzipenda kuliko kitu chochote duniani. Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Dungu letu lilikuwa kichanja cha miti chenye paa la nyasi, limesimama katikati ya majaruba, na mimi nilishinda juu yake tangu alfajiri hadi jua linazama. Nilikuwa na rundo la madonge ya udongo wa kurusha, kamba ndefu ya kutikisa makopo, na koo langu.

Baba alikuwa na sheria moja. Kila kundi litakalotua bila mimi kulifukuza ni fimbo moja. Jioni alikuja na jembe begani akaniuliza yametua mangapi. Kumdanganya ilikuwa kazi bure, kwa sababu mpunga ulioliwa hauongopi: suke lenye punje huinama, lililonyonywa husimama wima. Alipita kwenye majaruba akitazama masuke yaliyosimama, halafu akarudi. "Shuka," alisema. "Shika nguzo. Hesabu mwenyewe."

Nikahesabu mwenyewe. Nikikosea, tunarudi moja.

Nilikuwa nakosea kwenye saba. Hadi sita niliweza kuvumilia, maana mkono wake ulikuwa bado unatafuta njia. Ikifika ya saba mkono umeshapata moto, na fimbo inaanza kuchana pale ilipokwisha kupita. Nilifungua mdomo niseme saba, ikatoka sauti nyingine isiyo na herufi. "Hiyo si saba," baba alisema. "Rudi." Kwa hiyo makundi kumi ya ndege yaliweza kuzaa fimbo ishirini na nne, na mimi niliyekuwa nazipokea ndiye niliyekuwa karani wake.

Nilipoanza darasa la kwanza nilikuwa nahesabu hadi mia bila kupumua. Mwalimu alimsifu baba mbele za watu, na siku hiyo baba alichinja kuku akanipa firigisi, mimi mtoto wa kike, firigisi ambayo kwetu mama mwenyewe hakuwahi kuionja. Nilimpenda baba. Nalisema mapema nisije nikaonekana namsema vibaya marehemu asiyeweza kujibu.

Sasa nakaribia hamsini, nami ni mwalimu wa awali hapa Kibaoni, Ifakara, katika shule ambayo sitaitaja kwa sababu kosa ninalolisimulia ni langu. Watoto wangu ni wa miaka minne, mitano, sita. Kwa miaka mingi juu ya kabati la darasa langu kulikuwa na fimbo ya mpera, wenzangu wakiiita Mwalimu Msaidizi. Sikuwa napiga ovyo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia, na kila mpigaji ninayemfahamu hujiambia hivyohivyo. Wazazi walinisifu. "Ukitaka mwanao ajue hesabu, mpeleke kwa yule mama mkali," walisema kwenye mashine za kukoboa mpunga, na sifa hizo zilinifikia, na kichwa kilivimba.

Kisha tukaletewa semina. Aliyekuja kutufundisha alikuwa binti mdogo, raba zake nyeupe, sauti yake ya chini. Alisema mtoto wa umri huu hujifunza kwa kucheza, tena nje: tope, maji, majani, mawe, wadudu. Alisema tuwatoe watoto kwa muda wa saa mbili kila siku, tuwaache, tusiwaingilie, tuwatazame tu, kwa sababu mchezo wa mtoto ni mdomo wake. Nikanyoosha mkono. "Mwanangu," nikamwambia, "mimi nimelelewa huko nje unakokusifu. Huko nje kuna nyoka, kuna kichocho, na kuna baba." Ukumbi mzima ulicheka. Yeye hakucheka. Alinitazama akaandika kitu kwenye daftari lake, nami nikamchukia mpaka chai ya saa nne.

Lakini Mwalimu Mkuu aliipenda semina, na amri ni amri. Nyuma ya shule yetu kuna uwanja wa nyasi, halafu mfereji, halafu kingo za udongo wa mfinyanzi, halafu majaruba ya watu. Nikawatoa.

Siku ya kwanza waliua vyura kumi na wanne. Najua idadi kwa sababu waliwapanga juu ya ukingo wa mfereji na kunihesabia. Waliwapiga kwa mawe, mmoja mmoja, wakipokezana, na chura ambaye miguu yake ilikuwa bado inachezacheza alirudiwa mpaka akatulia. Mmoja wao aliona huruma akataka kumrudisha wake majini, wenzake wakampiga yeye ngumi ya shingo. Nilisimama pale nikamkumbuka yule binti wa raba nyeupe. Haya ndiyo maua na vipepeo vyako, nikasema moyoni.

Siku ya pili walicheza baba na mama. Walijenga nyumba ya matete, wakapika ugali wa tope juu ya vizibo, wakachagua nani baba na nani mama. Baba akaenda kazini nyuma ya choo, akarudi akiyumba, akauliza chakula kiko wapi, akaambiwa bado, akachukua tete. Mama akaanguka chini kwa ufundi wa ajabu. Akajikunja, akakinga tumbo. Hakukinga kichwa, alikinga tumbo. Nilikaa juu ya tofali nikijiuliza mtoto wa miaka mitano amejifunzia wapi kukinga tumbo, na sikuhitaji kujiuliza sana, kwa sababu mama yake alikuwa na mimba ya miezi saba na nyumba yao naijua.

Nikaanza kuona raha ya ile kazi ya kutazama. Raha ya umbea, nisiseme uongo. Kila siku nilikaa kwenye tofali langu nikawasoma majirani zangu: huyu kwao wanagombana, huyu kwao baba hayupo, huyu kwao wanalala na njaa. Nilitikisa kichwa nikasikitika. Dunia imeharibika, nikasema, watu hawana utu majumbani mwao. Nyani haoni kundule.

Kulikuwa na msichana mmoja mdogo, ana miaka mitano, analelewa na bibi yake. Bibi alikuwa ameshuka kutoka upande wa Mahenge zamani, analima mpunga Mbingu na amepanga chumba hapa Kibaoni ili mjukuu asome. Darasani mtoto huyu alikuwa kama hayupo. Nje alikuwa fundi. Aliuchanganya udongo na mchanga kidogo bila kuambiwa na mtu, ndiyo maana vyungu vyake havikupasuka juani vya wenzake vilipopasuka. Asubuhi moja nikamwona amefinyanga watu, wadogo kama vidole gumba, kumi, amewatoboa macho kwa mwiba na kuwasimamisha mstari mmoja. Nilifurahi kweli. Nikamwita mwenzangu wa darasa la kwanza, mwanamume mpole anayependa utani, aliyekuwa anapita na chaki zake. "Njoo uone maajabu ya semina," nikamwambia. Tukasimama nyuma yake naye hakutuona.

Alisimama mbele ya wale watu wa udongo. Mkono mmoja kiunoni. Bega la kulia amelipandisha juu kidogo, kama ninavyolipandisha langu tangu nilipoanguka na baiskeli. Mkono wa pili ameshika tete. Watoto wenzake walikuwa wamekaa chini wakitazama, wametulia kuliko wanavyotulia kanisani.

"Moja," alisema, akamgusa wa kwanza kichwani na tete. "Mbili." Akamgusa wa pili. Tatu, nne, tano, sita, taratibu, kwa sauti yangu. Kisha akanyanyua tete kwa mikono miwili, akakaza meno, akashusha kwa nguvu zake zote. Mtu wa saba alisambaa. Akampiga tena, na tena, mpaka pakawa tope tu. Watoto waliokaa wakakunja mabega wote kwa pamoja. Halafu akashusha pumzi, akaendelea kwa upole. "Nane."

Mwenzangu akaangua kicheko. "Kumbe!" akasema. "Kumbe ndiyo maana! Dada, kila mwaka watoto wako wananijia wanahesabu sita, nane. Nilidhani mna mchezo wenu. Kumbe saba unaiua mwenyewe!"

Nikamwuliza mtoto. "Saba iko wapi?"

Aligeuka. Hakuogopa hata kidogo. Alikuwa na uso wa mtoto aliyeulizwa swali analolijua. "Saba ndiyo hiyo, Mwalimu," akasema, akaonyesha lile tope. "Saba haisemwi. Saba inapiga."

Hapo ndipo nilipoelewa, na ningekuwa mtu mwema kuelewa kungetosha. Miaka yote ile nilipokuwa nawaongoza kuhesabu nilikuwa nagonga meza kwa fimbo, pigo moja kila namba, na nikifika saba mkono wangu ulishuka wenyewe kama unaua nyoka, bila mimi kujua. Na kama kulikuwa na mtoto karibu aliyetazama pembeni, ulimshukia yeye. Walijifunza kuinama na kupisha. Mimi sikuwahi kuisikia saba ikikosekana, maana nilikuwa naipigia kelele.

Hasira hasara, wanasema. Yangu iko karibu na ngozi. Aibu ilinipanda, mwenzangu bado anacheka, na badala ya kujitazama nilimtazama mtoto. Nikaingia darasani nikatoka na ile ya juu ya kabati.

"Inama," nikasema. "Hesabu mwenyewe."

Niliisikia sauti ya baba ikitoka kinywani mwangu na sikuizuia. Nikampiga moja, akasema moja. Nikampiga mbili, akasema mbili. Sita akasema sita. Nikashusha ya saba na yeye akanyamaza, akakaza mwili wote, na ilipopita akasema nane. "Rudi," nikasema. Tukarudi. Sita, kimya, nane. "Rudi." Alijaribu kukinga kwa mkono, fimbo ikampata vidoleni, nikasikia mlio wake, na bado nikasema rudi. Hakulia. Ingekuwa rahisi kwangu kama angelia. Mara ya tatu fimbo ilichanika ncha, na kwenye sketi yake ya bluu kulikuwa na mstari mwembamba uliokuwa unalowa, na hapo mwenzangu akanidaka kifundo cha mkono. Alikuwa ameacha kucheka.

"Dada," akasema, "utaua."

"Niache!"

"Geuka utazame."

Nikageuka. Watoto wengine wote walikuwa wamesimama mstari mmoja kwenye ukingo wa mfereji, kwa urefu, mfupi mbele mrefu nyuma, kama ninavyowapanga. Hakuna aliyewaambia. Walikuwa wanasubiri zamu.

Usiku ule niliutazama mkono wangu na kuukataa, kisha nikautumia kula, maana ndio niliokuwa nao. Asubuhi nilifika shuleni mapema nikiwa na maneno mawili mfukoni, la kuomba radhi na la uongo, sijui litakalotangulia. Bibi wa yule mtoto alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, kanga mbili, miguu mikavu ya mtu wa tope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu wangu. Habari za kuamka?"

"Nzuri, mama. Kuhusu jana..."

"Ya jana nimeyaona," akasema. "Nimemkanda kwa maji ya chumvi." Akafungua kanga aliyoishika mapajani akatoa fimbo. Mpera, imeondolewa maganda, imepitishwa motoni ikakaza, nyepesi, nzuri. Nisiposema ilikuwa nzuri nitakuwa nadanganya. "Nimesikia ile yako imepasuka. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Shika."

Nikaipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama tunavyopokea kitu cha mkubwa. Maneno yangu yote mawili yalibaki mfukoni.

"Ila mtoto amegoma," akaendelea. "Nimemvuta mpaka barabarani, akalala chini, akajikojolea. Anasema yeye hana saba. Sasa, mwalimu, mtoto asiye na saba atasoma nini? Mpunga umeanza kujaza. Naenda naye Mbingu akaamie ndege. Mwakani tutaona."

Mwakani tutaona. Wapo wengi niliowahi kuwafundisha walioondoka kwa maneno hayo, na leo nakutana nao sokoni na watoto mgongoni, wananiamkia, wananipa bamia za bure. Huyu naye alikuwa anaenda, na aliyemfukuza ni mimi. Akapandishwe kwenye dungu, ashike nguzo. Nilipaswa kusema hapana, mama, kosa ni langu. Nikasema, "Haya, mama. Safari njema." Niliogopa aibu kuliko nilivyompenda mtoto, basi.

Wiki ile niliwatoa watoto bila fimbo. Hawakucheza. Walikaa kwenye ukingo wakitazama maji, hata vyura walipita salama. Siku ya nne wakaanza mchezo mpya. Walichimba shimo dogo kwenye mfinyanzi, wakalilaza humo sanamu moja la udongo, mmojawapo wa wale tisa waliobaki, wakalifunika kwa jani la mgomba. Wakaimba wimbo wa kuzika wanaousikia parokiani. Mmoja alikuwa padri, akamwagia maji kwa kizibo. Wawili walikuwa akina mama wa msiba, wakajitupa chini na kulia, na kilio kile kilikuwa cha kweli kiasi kwamba nilisimama.

"Nani amekufa?" nikauliza.

 Aliyekuwa padri akalitaja jina la mwenzao.

"Hajafa," nikasema. "Yuko Mbingu kwa bibi yake. Nani kawaambia amekufa?"

Akanitazama kwa uangalifu, akarudi nyuma hatua moja ili awe mbali na mkono wangu. "Ulimpiga saba, Mwalimu," akasema.

Jumamosi nilipanda basi la Mlimba, nikashuka Mbingu, nikachukua bodaboda hadi njia ilipoishia kwenye maji, na iliyobaki nikatembea juu ya kingo za majaruba, viatu mkononi. Nilikuwa nimebeba fimbo ya bibi ndani ya kanga. Nilikusudia kumrudishia na kusema, sitapiga tena, nipe mtoto. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno hayo na kujiona shujaa.

Dungu nililiona kutoka mbali. Juu yake alikuwa yeye, anarusha madonge na kupiga kelele na koo lake dogo, vidole viwili vimefungwa kitambaa. Aliponiona aliacha kupiga kelele. Bibi alikuwa chini akikata nyasi za ukingoni kwa mundu. Tukaamkiana, akanipa kipande cha muhogo, tukaulizana habari za mjini mpaka zikaisha. Ndipo nikaifungua kanga.

"Mama, nimekurudishia fimbo yako."

"Imevunjika?"

"Hapana. Sijaitumia."

Akaacha kukata. Uso wake ulibadilika, ukazeeka mbele yangu. "Kwa hiyo humtaki," akasema. "Umekuja mpaka huku kunirudishia fimbo. Amekosa nini zaidi? Si ningemleta mwenyewe akapige magoti?"

Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa, mimi mzaliwa wa hapahapa. Kwetu mzazi akimpa mwalimu fimbo amempa mtoto. Mwalimu akiirudisha amemkataa mtoto. Nilikuwa nimetembea kwenye maji asubuhi nzima kumtukana.

"Mama, sivyo," nikasema. "Namtaka. Namtaka bila fimbo."

"Bila fimbo utamfundishaje?"

"Kwa kucheza." Neno lilisikika la kijinga katikati ya mpunga ule.

"Kucheza," akasema. Akaweka mundu chini, akakaa juu ya ukingo. "Haya. Saba hana. Mpe nione. Akiipata hapa, Jumatatu nitamleta. Asipoipata, mwalimu wangu, usinichezee mtoto, niachie anisaidie ndege."

Nikamwita. Alishuka kwenye dungu akasimama mbali kidogo, umbali wa mkono wangu mmoja na nusu. Akaniamkia, nikaitikia. Nikakumbuka kwamba darasani tuna vijiti vya kuhesabia, na hapa vijiti viko kila mahali.

"Mwanangu," nikasema, "nenda pale kwenye vichaka, kachume vijiti saba, uje tuhesabu."

Alikwenda. Alikawia. Kundi la ndege likatua, bibi akalitazama, akanitazama mimi, hakuinuka. Mtoto akarudi na kijiti kimoja tu. Kimoja kirefu, kinene kama kidole changu, amekiondoa majani yote na kukisafisha vifundo.

"Nimesema saba," nikamwambia.

"Moja inatosha, Mwalimu," akasema. "Itapiga mara saba."

Akailaza miguuni pangu, taratibu, isilowe. Halafu akageuka, akaenda kwenye dungu, akashika nguzo kwa mikono miwili, akainamisha kichwa akasubiri.

Nililia. Sikulia kwa ustaarabu, nililia kamasi likanitoka, mtu mzima kati ya majaruba ya watu. Mbele yangu ilikuwa nguzo ya dungu na mtoto wa miaka mitano ameishika, na nilijua kabisa ule mti unavyonuka pua ikiwa karibu nao, moshi na kinyesi cha ndege. Nikaiokota ile fimbo aliyoileta nikataka kuivunja. Haikuvunjika. Ilikuwa mbichi. Nikaikunja gotini ikajikunja na kurudi, nikaikanyaga ikazama topeni, nikaing'ata kwa meno mpaka maganda yakajaa mdomoni. Samaki mkunje angali mbichi, walitufundisha, na hii mbichi ndiyo iliyonishinda.  Bibi akanirushia mundu.

Nikaikata vipande saba juu ya mguu wa dungu. Mtoto aliposikia mundu unagonga aligeuza shingo, mikono bado iko kwenye nguzo.

"Njoo," nikasema. "Vipande hivi. Kila kimoja kichomeke kwenye tope, useme jina lake."

Alikuja kwa kuzunguka. Akachukua cha kwanza akakichomeka. "Moja." Akachomeka cha pili. Akafika tano, akafika sita, vimesimama mstari ulionyooka kama wale watu wake. Akachukua cha saba. Akafumba macho, akapandisha mabega mpaka masikioni, akakizamisha topeni, akabaki hivyo hivyo amejikunja, anasubiri kipigo kishuke.

Hakikushuka kitu. Ndege walikuwa wanakula mpunga. Akafumbua jicho moja.

"Saba?" akasema, kwa sauti ya kuuliza.

"Saba," nikasema.

"Kumbe hata wewe unafumba," bibi akasema nyuma yangu.

Sikuwa najua. Macho yangu yalikuwa yamefumba na mabega yangu yalikuwa juu.

"Nani alikufundisha wewe, mwalimu?"

"Baba," nikasema. "Hapahapa Mbingu. Kwenye ndege."

Hakusema pole. Aliinuka, akafunga kanga kiunoni, akachukua ile fimbo yake nzuri aliyoipitisha motoni, akaichomeka kwenye ukingo na kufungia kamba ya makopo. "Wamekula nusu jaruba," akasema. "Jumatatu nitamleta. Ndege nitaamia mwenyewe."

Alimleta. Wenzake waliacha kila kitu wakaenda kulifukua lile sanamu mfinyanzini, wakamkabidhi, na yeye akalitazama, akaona kwamba macho yameziba, akayatoboa upya kwa mwiba. Juu ya kabati langu sasa kuna vyungu. Vyura bado wanakufa, ila wachache. Mtoto yule anahesabu hadi ishirini, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki vizuri, na aliyeviumiza ni mimi.

Kila asubuhi saa nne tunatoka nje na kuhesabu kila kitu: mawe, vizibo, konokono, masuke yaliyoinama. Ukipita barabara ya nyuma ya shule utatusikia. Utasikia nne, utasikia tano, utasikia sita. Halafu utasikia kimya kidogo, watoto wote wamefumba macho, halafu saba. Nimewaambia mara nyingi kwamba hakuna kitu kinachokuja. Wananiitikia ndiyo, Mwalimu, na kesho yake wanafumba tena.